Sala ya Saa Nne

Kabla sijaanza, nitegulieni hiki. Watu elfu humtii kila siku: akisema simameni, wanasimama, akisema harakisheni, wanabeba mizigo na watoto na kukimbia. Lakini akipita katikati yao, hakuna hata mmoja anayegeuza shingo. Ni nani?

Askari? Hapana, askari husalimiwa hata na wasiompenda. Kengele? Tangu lini kengele ikapita katikati ya watu? Haya, mkishindwa msinipe mji, mji wangu ninao na unanitosha. Nipeni masikio tu.

Ni msichana anayetangaza treni.

Huyu ninayemsema alikaa kwenye kibanda cha vioo, juu ya ngazi, katika stesheni yenye majukwaa manne. Ndani mlikuwa na meza, kiti, simu ya ndani, kipaza sauti chenye shingo ndefu kama ya bata, na taa ndogo nyekundu. Taa ikiwaka, stesheni nzima inamsikia. Taa ikizimika, yuko peke yake. Wenzake walimwita Sauti, na jina likamganda mpaka baba yake mzazi akalizoea.

Asubuhi ya Jumatatu moja, saa ile ambayo watu hukanyagana na kuombana radhi bila kutazamana, Sauti alikuwa akikatiza jukwaa la pili kuwahi kazini. Alivaa gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni, na begani alining'iniza mkoba ulioachama kwa sababu zipu yake ilikufa zamani. Juu ya ngazi ya mbao, kijana mmoja mwenye ovaroli la bluu na penseli sikioni alikuwa akifunga spika huku akipiga mluzi. Bisibisi ikamponyoka. Ikashuka moja kwa moja, ikatua ndani ya ule mkoba kama barua kwenye sanduku la posta.

"Dada! Wewe dada wa manjano!"

Nani ageuke? Jukwaa lile lilikuwa na dada wa manjano wanne.

Kijana akateremka mbio, akamfuata kwa macho, akapanda ngazi za kibanda mbilimbili, akabisha hodi akihema.

"Samahani, habari za asubuhi. Kuna kitu changu umekichukua."

"Mimi? Kaka, hata sikujui."

"Kimo kwenye mkoba."

"Unaniita mwizi asubuhi yote hii?"

"Sijasema mwizi. Nimesema kimo kwenye mkoba. Kina mpini wa kijani."

Sauti akaumimina mkoba wote juu ya meza ili amwaibishe. Kikatoka kitana, leso, kalamu mbili, chungwa, kitabu cheusi chenye jalada lililochakaa, na bisibisi yenye mpini wa kijani. Kitabu alikirudisha haraka kuliko kufumba jicho.

"Kumbe mwizi ni bisibisi yako," akasema. "Imejiingiza yenyewe."

"Inajua kuchagua."

"Na wewe unajua kuondoka? Nina treni ya saa mbili hapa."

Kijana akaduwaa. "Hebu sema tena hivyo, 'treni ya saa mbili'."

"Kwa nini?"

"Ni wewe! Mwaka mzima karakana nzima tunabishana. Kuna wanaosema ni mama wa miaka hamsini, kuna wanaosema ni mashine."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi nilisema ni mtu anayetabasamu akifika kwenye neno 'karibuni'."

Sauti akageukia kipaza sauti chake upesi, maana alikuwa anatabasamu, na hakutaka ushindi ule umfikie mtu asubuhi mapema.

Kijana aliitwa Fundi Waya. Kazi yake ilikuwa umeme wote wa stesheni, taa, kengele na spika, na karakana yake ilikuwa nyuma ya jukwaa la nne. Tangu siku ile simu ya ndani haikupata pumziko.

"Kibanda cha matangazo, nikusaidie nini?"

"Naulizia treni ya kwenda moyoni mwako. Inaondoka saa ngapi?"

"Imefutwa. Abiria wanaombwa kuchukua mizigo yao."

"Basi mimi nitasubiri hapa hapa."

"Mabenchi ni ya wenye tiketi, kaka Waya."

"Tiketi zinauzwa wapi, mpenzi?"

"Nani mpenzi wako? Kata simu, kuna treni inaingia."

Lakini hakukata yeye. Alisubiri akate Waya, na Waya alisubiri akate yeye, mpaka treni ikaingia bila kutangazwa vizuri.

Sasa huyu Waya alikuwa Mkristo wa mchana kweupe. Aliimba kwaya. Mluzi wake ulikuwa wa nyimbo za kanisani, na kabla ya kula aliinamisha kichwa palepale kwenye benchi la mafundi, wenzake wakimcheka: "Waya, fupisha, mboga zinapoa!" Naye alimaliza taratibu, akafungua macho na kusema, "Nimewataja na nyinyi, kwa hiyo imekuwa ndefu."

Na Sauti? Ah, Sauti naye alikuwa wa Bwana, lakini kwa siri. Mama yake alifariki Sauti akiwa na miaka kumi na tisa. Mama aliugua, akawa anatumia dawa, kisha watu wa kikundi chake cha maombi wakamwambia kumeza vidonge ni kukosa imani. Akaacha. Hakumaliza miezi miwili. Baba, dereva wa treni aliyestaafu, mtu wa maneno machache na mguu mmoja mbovu, alirudi kutoka makaburini akasema mara moja tu: "Ndani ya nyumba hii, habari za kanisa zimekwisha." Na kweli zikawa zimekwisha. Kwake yeye.

Sauti aliikuta Biblia ya mama kwenye droo ya cherehani. Alianza kuisoma kwa sababu ilikuwa na mwandiko wa mama pembeni. Akaendelea kuisoma kwa sababu nyingine. Alibatizwa siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana, akarudi kibandani nywele zinadondosha maji, akasema amenyeshewa. Nje jua lilikuwa la kupasua mawe. Kila siku baada ya kutangaza treni ya saa nne, akishazima taa, alifumba macho akaomba kwa dakika tatu. Hilo ndilo lilikuwa kanisa lake. Alijiambia, imani yangu ni yangu na Mungu wangu, inamhusu nani? Ukweli ni kwamba alimwogopa mtu mmoja tu duniani, na alimwogopa kwa sababu ya kumpenda. Angemwambiaje baba kwamba ameingia nyumba ileile iliyompokonya mke wake?

"Jumapili tunaimba," Waya alimwambia siku moja. "Njoo usikie."

"Mimi na kanisa wapi na wapi?"

Alipolisema, aliubana kwapani mkoba wenye kile kitabu. Waya hakumlazimisha. Akaendelea kufunga balbu na kupiga mluzi wake, na kwenye ubeti wa tatu akapotea. Sauti, bila kufikiri, akauguna ule mstari sawasawa mpaka mwisho.

Waya akashusha mikono. "Umeujulia wapi huo?"

"Kwenye spika."

"Dada yangu, kwenye spika za hapa unasema wewe peke yako."

"Funga balbu, Waya!"

Akafunga balbu. Hakuuliza tena, ila tangu hapo alikuwa akimtazama kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe na anayejua kuna mtu ndani.

Mwezi wa tano wa mapenzi yao, swichi ya kipaza sauti ikachakaa. Waya akaja Jumatatu asubuhi, saa nne kasoro, kuibadilisha. Siku hiyo Sauti alivaa gauni la zambarau, na nywele alikuwa amezisuka upya, mistari myembamba inayokutana kisogoni.

"Umesuka?"

"Tazama waya zako."

"Nazitazama."

Mwongo. Alikuwa anatazama kisogo. Simu ikalia, karakana inamtaka mbio, akakaza skrubu mbili za mwisho, akaondoka bila kujaribu. Na waya mbili za ile taa nyekundu alikuwa amezipachika kinyume.

Mnaona sasa? Taa iliwaka wakati kipaza sauti kimelala, ikazimika wakati kipaza sauti kiko macho.

Saa nne ilipofika, Sauti akabonyeza, taa ikawaka, akatangaza kwa ufasaha wote kwamba treni ya saa nne imehamishwa kutoka jukwaa la kwanza kwenda la tatu. Hakuna aliyesikia hata herufi. Akabonyeza tena, taa ikazimika. Akafumba macho. Na spika zote za stesheni, kumi na nane kwa idadi, zikaanza kuomba.

"Baba, asante kwa asubuhi. Asante kwa mguu wa mzee wangu, leo ameshuka kitandani bila kushika ukuta. Mkumbuke Mkuu wetu wa stesheni. Kikohozi hakimpi usingizi, ndiyo maana anatununia. Mpe usingizi, na sisi tupate amani. Mkumbuke shoga yangu wa dirisha la tiketi. Anatamani mtoto, na anacheka sana ili tusijue. Nisamehe na mimi, Bwana, ninayekupenda kwa kunong'ona. Na kuhusu Fundi Waya, naomba—"

Kimya. Mkuu wa stesheni, mwanamume mnene mwenye shati la mikono mifupi, alikuwa amekimbilia chumba cha umeme huku anakohoa, akashusha swichi kubwa ya spika.

Huko chini watu walikuwa wamesimama kama waliopigwa picha. Wapagazi walikuwa wamevua kofia. Mama mmoja mwenye mapacha alisema "Amina", kisha akamuuliza jirani yake, "Naomba nini? Mbona wamekata?" Na chini ya spika ya tatu, kwenye benchi alilokalia kila siku asubuhi ili amsikilize mwanawe kazini, mzee mwenye fimbo alikuwa ametulia, macho yake chini.

Halafu treni ikapiga honi jukwaa la tatu, na abiria wote walikuwa jukwaa la kwanza. Acha! Masanduku, watoto, kuku wa mtu, viatu vya mguu mmoja mmoja. Watu kumi na mmoja waliachwa.

Mkuu alipanda ngazi za kibanda akiwa mwekundu wa macho. "Tangazo liko wapi? Na ile ilikuwa nini?"

Sauti hapo ndipo alipoelewa. Kupitia kioo alimwona baba yake kwenye benchi.

"Sijui, Mkuu. Nilitangaza."

"Ile sauti si yako?"

Nyie, mdomo una mambo. "Si yangu," akasema. "Ni redio. Labda Fundi ameunganisha redio yake kwenye mitambo. Alikuwa hapa asubuhi."

Waya akaitwa. Alifika, akaitazama taa, akabonyeza swichi mara moja, akaelewa. Akamtazama Sauti. Sauti akatazama meza.

"Fundi, ulileta redio humu?"

"Kosa ni langu, Mkuu," alisema Waya. "Aliyeharibu ni mimi."

"Kaa nyumbani mpaka Ijumaa. Ijumaa saa tatu utajieleza, na usipojieleza vizuri, tafuta stesheni nyingine."

Kwenye ngazi Sauti akamkimbilia, akamvuta mkono wa ovaroli. "Ulifanya makusudi! Ulitaka kunichimba!"

"Makusudi? Nilipachika waya kinyume kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe, basi."

"Ungesema ni waya."

"Ningesema ni waya, wangeuliza sauti ni ya nani. Hiyo si yangu kuisema." Uso wake ukalainika kidogo. "Lakini niambie mimi. Uliniombea nini?"

"Sikuomba chochote. Haikuwa mimi."

"Haya," akasema Waya. "Haikuwa wewe."

Akashuka. Hakupiga mluzi.

Jioni, mezani, baba alikula polepole. "Ile redio," alisema, "ilifanana sana na mama yako."

"Redio zote zinafanana, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaondoa sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Jumanne Sauti alimpigia Waya mara sita. Simu iliita mpaka ikachoka. Stesheni nayo haikumpa nafasi ya kupumua. Kila abiria aliyepita chini ya kibanda aliinua kichwa na kupaza sauti: "Naomba nini?" Wapagazi waliigeuza salamu: mmoja akisema "Na kuhusu Fundi Waya", mwenzake anajibu "naomba!" Ungecheka, kama si kwamba mtu alikuwa nyumbani amekaa bila kazi.

Jumatano mchana shoga yake wa tiketi akapanda kibandani. Huyu alikuwa mwanamke wa kucheka, mwenye hereni kubwa za duara, ambaye kicheko chake kilifika kabla yake. Siku hiyo hakucheka.

"Shoga, hebu niambie. Hiyo redio ilijuaje kikohozi cha Mkuu?"

"Mimi nitajuaje?"

"Na ilinijuaje mimi? Nilikwambia wewe peke yako, siku ile nilipolia chooni. Sasa wapagazi wananipa pole dirishani."

Sauti akainamisha kichwa. "Nisamehe."

"Kwa siri kutoka sijakasirika. Nilikaa pale dirishani nikasikia mtu ananitaja mbele za Mungu, mimi na shida yangu, nikasema, kumbe nina mtu! Miaka minne najibeba mwenyewe, kumbe kuna anayenibeba. Nililia kwa furaha, mwenzangu. Baada ya nusu saa nasikia unasema ni redio." Akavua hereni moja, akaivaa tena, mikono haijui pa kwenda. "Kama ni redio, basi hakuna aliyeniombea. Nichagulie. Uliniombea au hukuniombea?"

Alishuka bila kusubiri. Sauti akabaki na treni ya saa saba mkononi, akaitangaza vibaya, majukwaa mawili kwa mpigo.

Jioni ile alipiga simu tena. Safari hii ilipokelewa.

"Waya?"

"Nakusikia."

"Mbona hupokei simu za watu?"

"Nilikuwa nakasirika kwanza. Sikutaka kukasirika na huku naongea na wewe, nikiongea na wewe hasira haikai."

Sauti akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Ijumaa utasema nini?"

"Nitasema kosa ni langu. Ni kweli pia, waya niligeuza mimi."

"Na redio?"

"Redio sitaisema. Siwezi kusema uongo, na siwezi kukutoa. Kwa hiyo nitanyamaza, wanifanye watakavyo."

"Watakufukuza."

"Nimefikiria hilo. Nina mikono miwili, umeme uko kila mahali. Kinachoniuma si kazi, mpenzi. Umekuwa na mimi miezi mitano, unaniona naomba mbele ya wale wahuni wa karakana, na bado ukaona mimi pia ni mtu wa kufichwa siri. Ningefurahi namna gani, hata hujui!"

Sauti alikaa kitandani na simu iliyokatika, akiwaza kwamba amewaumiza watu watatu wanaompenda, na wote watatu kwa sentensi moja.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kazi, baba alikuwa mezani na kikombe cha chai. Sauti akatoa kikopo cha dawa za presha, akahesabu vidonge vya siku kama kawaida, akaviweka kwenye kisahani. Halafu hakuondoka.

"Baba, haikuwa redio."

Mzee akameza cha kwanza. "Najua."

"Ulijua?"

"Nimekaa kwenye benchi lile miaka sita kusikiliza sauti yako. Nikiisikia ikiomba ndipo nisiijue?" Aliweka kikombe chini kwa uangalifu. "Nilikuwa nasubiri uniambie. Siku tatu nasubiri. Nikasema, basi ananiogopa. Mwanangu ananiogopa mimi."

"Siogopi ukali wako. Naogopa kukuumiza. Najua walimfanyia nini mama."

"Walisema atapona." Sauti ya mzee ilikuwa kavu. "Walimshika mikono wakaimba, na vidonge vikabaki palepale kwenye dirisha."

"Baba, vidonge vyako anavihesabu nani?"

"Wewe."

"Nikishavihesabu, naomba. Kila siku. Nahesabu kwanza, ndipo naomba. Mungu ninayemwomba mimi hajawahi kuniambia niache kuhesabu."

Mzee akamtazama muda mrefu, kama alivyotazama reli zamani, akitafuta kama kuna kitu mbele.

"Uliniombea mguu," akasema.

"Kila asubuhi."

"Mbele ya watu mia tatu."

"Nilidhani ni mbele ya mmoja."

Kona ya mdomo wa mzee ikacheza, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akameza kidonge cha pili. "Kanisani usinipeleke. Sijafika huko, na sijui kama nitafika. Lakini wewe nenda, na uende mchana, kama watu. Na ile Biblia ya mama yako usiirudishe tena kwenye droo ya cherehani. Mafuta yataiharibu. Miaka yote hii naona inahama, nanyamaza."

Sauti akapiga magoti pale pale, akaweka kichwa kwenye goti la baba yake, lile bovu, akalia kwa shukrani mpaka chai ikapoa. Mzee akampapasa mistari ya nywele. "Na huyo fundi," akauliza, "ulikuwa unamwombea nini?"

"Baba!"

"Haya, haya. Nimeuliza tu."

Ijumaa saa tatu kasoro, Waya alikuwa ofisini kwa Mkuu. Ovaroli alikuwa ameliacha nyumbani; alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kuhukumiwa kwa heshima. Mkuu alikuwa ameshafungua faili. Kabla hajasema neno, spika iliyokuwa juu ya mlango ikakwaruza.

"Abiria wapendwa na wafanyakazi wenzangu, karibuni. Hili ni tangazo la Jumatatu, limechelewa. Jumatatu saa nne mlisikia mtu anaomba. Niliwaambia wakubwa wangu ni redio. Niliongopa. Aliyekuwa anaomba ni mimi. Mimi ni Mkristo, nimekuwa Mkristo miaka mitatu na miezi kadhaa, na nilikuwa nafanya siri. Fundi hakuweka redio yoyote. Alikosea waya, akanyamaza ili anifunike. Watu kumi na mmoja mlioachwa na treni, nawaomba radhi. Mkuu, nakuomba radhi. Na shoga yangu wa tiketi: nilikuombea. Jana nimekuombea, na leo nimekuombea. Treni ya saa tatu iko jukwaa la pili. Asanteni."

Dirisha la tiketi likafunguliwa kwa kishindo, kichwa chenye hereni za duara kikatokea, na kicheko kikafuata. "Amina!" ikapaa mpaka kwenye mabati. Wapagazi wakapiga makofi. Kwenye benchi chini ya spika ya tatu, mzee mwenye fimbo akamgeukia abiria asiyemjua akamwambia, "Huyo ni mwanangu."

Mkuu alimwita Sauti ofisini, akawaweka wawili mbele ya meza, akakohoa kidogo.

"Kuna kosa la waya. Barua ya onyo. Kuna kosa la uongo. Barua ya onyo. Hili la sala nimelitafuta kwenye kitabu cha kanuni tangu Jumatatu, sikuliona, kwa hiyo sina barua." Akaandika, akapiga mihuri, akawakabidhi kila mmoja yake. "Fundi, nenda karekebishe ile taa sasa hivi. Na wewe binti..." Akatazama dirishani. "Usiku wa jana nimelala mpaka asubuhi. Nakwambia tu, ujue."

Waya akapanda kibandani na bisibisi. Akafungua swichi, akazirudisha zile waya mbili mahali pake, safari hii macho yako kazini. Akajaribu mara tano. Taa ikawaka ilipotakiwa, ikazimika ilipotakiwa. Sauti alikuwa amesimama pembeni, barua yake ya onyo mkononi, hajui aanzie wapi.

"Umenisamehe?"

"Nilikusamehe Jumatano. Nilikuwa nasubiri uje uchukue." Akafunga kifuniko. "Nimepita kwa mzee pale kwenye benchi."

"Kufanya nini?"

"Kumuuliza kitu. Akaniambia, 'Panda juu ukamuulize mwenyewe, kinywa anacho, tumemsikia wote.'" Akajifuta mikono kwenye leso, shati jeupe lisichafuke. "Kwa hiyo nina maswali mawili. Moja la zamani, moja jipya."

"Anza na jipya."

"Utaolewa na fundi mwenye barua ya onyo?"

Sauti akainua barua yake juu, akaitikisa. "Na mimi ninayo. Tutazitundika sebuleni, moja huku, moja huku."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ndiyo, Waya. Ndiyo, na asante."

Waya akakaa kwenye kiti, akacheka, akasimama tena. Huko chini wapagazi wawili walikuwa wameinua shingo kutazama vioo, na mmoja alikuwa ameshaanza: "Na kuhusu Fundi Waya..."

"Umewasikia," akasema Waya. "Sasa la zamani. Stesheni nzima haijalala kwa ajili yake, na mimi ndiye wa kwanza. Naomba nini?"

Sauti akaitazama taa, ilikuwa imezimika. Akanyoosha mkono, akaibonyeza mwenyewe ile swichi, taa ikawaka nyekundu. Kisha akamshika Waya mkono.

"Naomba, Bwana," alisema, na spika kumi na nane zikasema naye, "siku moja nikuombe nikiwa nimemshika mkono, na kwa sauti."